Stadi Zilizong'oka: Mafundi wa Bariadi na Volkswagen za Zamani

Ukimuuliza kijana wa leo mafundi wa Bariadi walijifunzia wapi kazi, atakuonyesha gereji za kando ya barabara ya Lamadi. Mimi nitakupeleka kwenye vinu vya pamba. Ufundi wa chuma wa upande huu wa Usukuma ulikulia huko, tukiwa bado sehemu ya Shinyanga, miaka mingi kabla ya Mkoa wa Simiyu kutangazwa mwaka 2012. Kinu kikikatika shafti katikati ya msimu, pamba inarundikana nje na mvua haimsubiri mtu. Kutuma shafti Mwanza na kungoja irudi ilikuwa hasara, kwa hiyo kinu kilikuwa na karakana yake: mashine ya kuchonga vyuma, drili ya kusimama, vaisi nzito na tanuri la mhunzi.

Vinu vingi vilikuwa vya Waasia mpaka shirikisho la wakulima, Victoria Federation of Co-operative Unions, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, lilipoanza kununua na kujenga vyake. Wenye vinu walibadilika, mafundi wakabaki. Wengi wao walikuwa Masingasinga, watu wa ukoo wa mafundi walioletwa Afrika Mashariki na kazi za reli, na chini yao walikuwepo vijana wa Kisukuma waliokuwa wakijifunza kwa macho. Mzee aliyenifundisha mimi alifundishwa hivyo hivyo. Aliniita ng'wanone, yaani mwanangu, lakini hakuniruhusu kugusa mashine ya kuchonga mpaka nilipoweza kunoa kisu chake kwa mkono kikakata bila kurarua.

Sasa, Volkswagen inaingia wapi katika habari ya pamba? Inaingia kwa sababu ya tope. Mashindano ya East African Safari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na tena 1962. Watu waliona kwa macho yao gari gani linatoka kwenye matope na gari gani linabaki. Udongo wetu wa mbuga ni mweusi, ukinyeshewa unashika tairi mpaka gurudumu linakuwa pipa. Gari lenye injini nyuma, uzito mwingi juu ya magurudumu yanayosukuma, lilipita pale ambapo gari dogo jingine lilihitaji ng'ombe wa kulivuta. Tena injini yake hupozwa kwa upepo wa feni. Ukiwa njia ya Mwanhuzi mwezi wa tisa, maji hata ya kunywa ni ya kutafuta, gari lisilo na rejeta ni rafiki wa kweli. Ndiyo maana mabwana shamba, waganga, wakaguzi wa shule na mapadre walizipenda.

Lakini injini hiyo ina udhaifu mmoja, na udhaifu huo ndio uliotulisha.

Bloku yake ilisubiwa kwa aloi ya magnesi, madini mepesi kuliko hata aluminiamu. Kila hedi inafungwa kwa stadi 8 za chuma, ndefu, zinazopita kando ya silinda na kuzama ndani ya bloku. Injini ikipata moto, magnesi na aluminiamu vinatanuka karibu maradufu ya chuma. Stadi inavutwa. Ikipoa, inalegea. Miaka inapita hivyo, na nyuzi zinazolika si za stadi, kwa sababu chuma ni kigumu. Zinazolika ni za bloku. Siku moja stadi inang'oka na uzi wa bloku umeizunguka kama nywele. Joto la barabara za Meatu liliharakisha mambo, na fundi mwenye spana ndefu na mkono mzito aliharakisha zaidi. Hedi ya stadi za milimita 10 inataka nguvu ya Nm 32 tu. Kwa aliyezoea kukaza magurudumu ya lori, hiyo ni kama kugusa.

Silinda iliyotuletea kazi mara nyingi ni namba 3. Kwenye injini za zamani kipoza oili kilisimama ndani ya njia ya upepo wa upande ule, hivyo namba 3 ilipata upepo uliokwisha kupita kwenye oili ya moto. Kiwanda chenyewe kiliona tatizo, na kwenye injini za modeli ya 1971 kipoza oili kikasogezwa nje ya njia hiyo. Baadaye wakaweka stadi nyembamba za milimita 8, zinazonyumbuka zaidi na kuuonea huruma uzi wa bloku, na wakaanza kutia kwenye bloku bushi za chuma za kushikia stadi tangu kiwandani. Nilipoziona bushi hizo mara ya kwanza nilifurahi sana, kwa maana mzee wangu alikuwa akizichonga kwa mkono wake Bariadi, na hakuna aliyemtumia mchoro.

Alifanya hivi. Kwanza alisikiliza. Stadi ikiachia, gari likipanda mlima utasikia mlio wa pufu-pufu nyuma, kompresheni inatoroka kati ya silinda na hedi. Injini ikishushwa (kwa Volkswagen ni boliti na nati nne, watu wawili wanatosha) na hedi ikitolewa, unaona alama nyeusi ya moshi pale ulipotorokea. Stadi yenyewe mara nyingine hutoka kwa vidole.

Kisha kazi yenyewe. Tundu lazima litobolewe upya, pana zaidi, na lazima liwe wima kabisa, maana stadi ikilala kidogo tu hedi haitakaa. Hakuwa na mashine ya kushika bloku nzima. Alichonga bamba nene la chuma linalokaa sawasawa kwenye mdomo wa silinda, lenye matundu manne ya kuongoza drili, akalifunga kwa stadi zilizobaki nzima. Drili ikipita kwenye bamba haina pa kukengeuka. Baada ya hapo tepu ya milimita 14, polepole, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, kwa tone la mafuta ya taa. Chenga zote zilikusanywa kwenye kopo na kupelekwa mbali na tanuri. Magnesi ikishika moto inawaka nyeupe, huwezi kuitazama, na ukiimwagia maji unaichochea. Tulikuwa na ndoo ya mchanga mkavu karibu kila siku ya kazi hiyo.

Bushi aliichonga kutoka boliti nene za lori kuukuu: nje uzi wa 14, ndani uzi wa 10, juu mkato mdogo wa kuikazia kwa bisibisi. Iliingia mpaka ikazama kidogo chini ya uso wa bloku, ili silinda isiiguse. Bushi ina eneo pana la kushika kuliko stadi, kwa hiyo magnesi inabeba mzigo ule ule kwa nyuzi kubwa zaidi. Nasema bila kusita kwamba bloku iliyotiwa bushi 16 na mkono kama ule ni bora kuliko ilivyotoka Ujerumani.

Miaka iliyoupa ufundi huu heshima ni ile ya shida. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vinu vikapita mikononi mwa Mamlaka ya Pamba. Ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Vipuri viliagizwa kwa kibali na kufika kwa bahati. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, hata fundi mwenye rafu ya vipuri alitunza risiti zake kama hati ya shamba. Bloku mpya ya Volkswagen haikuwa kitu cha kuwaza. Gari lililoachwa na stadi liliachwa juu ya mawe, au liliokolewa na bushi. Watu walikuja kutoka Nkololo, Dutwa, Maswa. Wengine walileta bloku tupu juu ya basi, imefungwa kwenye gunia la pamba.

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, kuanzia ruhusa ya 1984 ya kuagiza bidhaa kwa fedha zako mwenyewe, Toyota zilizotumika Japani zikatufikia taratibu, na pamoja nazo injini nzima za mtumba. Sina ugomvi na Toyota. Lakini injini inapobadilishwa kwa nusu siku, hakuna kijana atakayekaa kando ya drili kutwa nzima akijifunza kutoboa tundu moja. Pamba yenyewe ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, vinu kadhaa vya ushirika vikanyamaza, na mashine za kuchonga zikauzwa moja moja.

Kilichonirudishia moyo ni pikipiki. Bloku zake ni za aluminiamu, laini vilevile, na bodaboda hukaza kwa haraka kwa sababu abiria anasubiri. Uzi wa nati ya kumwagia oili unalika, uzi wa plagi unalika, stadi za hedi zinang'oka. Vijana wengi wanapandisha saizi: wanatoboa, wanatia boliti nene, wanaondoka. Naipinga njia hiyo kwa nguvu zote, maana ikilika mara ya pili hakuna nyama iliyobaki kwenye bloku. Wapo wanaotia koili za waya za kutengenezea uzi, zinazopatikana Mwanza na Dar es Salaam, na hizo ni njema zikifungwa vizuri. Wapo pia wawili watatu hapa mjini wanaochonga bushi, ndogo kuliko zetu, kwenye mashine iliyotoka kinuni. Nimewapa lile bamba la mzee walione. Wamekwisha kutengeneza la kwao, la kukaa kwenye mdomo wa silinda ya pikipiki ya Boxer.