Mji wa Kitendawili: Masimulizi Yaliyoachwa Nje ya Maandishi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kukiainisha kitendawili miongoni mwa tanzu fupi, sambamba na methali. Uainishaji huo umejengwa juu ya fumbo na jibu lake, wala si juu ya tukio zima la utegaji. Makala haya yanadai kwamba sehemu inayopuuzwa, yaani mji, ndiyo inayokifanya kitendawili kuwa sanaa ya masimulizi, na kwamba kupuuzwa kwake kumetokana na namna kilivyoandikwa.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira huitikia "Tega!" Akisema "Nyumba yangu haina mlango," wenzake hubahatisha. Wakishindwa, yeye hudai: "Nipeni mji." Aweza kuukataa mji asioutaka na kudai mwingine. Akiuridhia, huanza safari: alivyofika, alivyolakiwa, alivyokirimiwa, huku walioshindwa wakingoja; ndipo atoapo jibu, yai. Hivyo, mtegaji anamiliki fumbo, lakini mandhari ya hadithi yamo mikononi mwa hadhira. Hakuna upande ujuao mapema masimulizi yatakavyokuwa.

Ukunda panafaa kulipimia dai hili. Mji huu wa Kwale umo katika barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, penye njia panda ya kuingilia Diani. Wenyeji wake Wadigo wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanga, na hoteli za ufuoni zimevuta wafanyakazi kutoka bara. Mahali kama hapa, uteuzi wa mji si jambo dogo. Mtegaji apewaye Msambweni au Vanga hupewa njia ambayo wasikilizaji wake waweza kuihakiki kituo baada ya kituo. Apewaye Kisumu huenda akalazimika kubuni mbele ya msikilizaji aliyezaliwa huko. Mji mmoja ni nyumbani kwa huyu na ugenini kwa yule. Kwa hiyo fumbo lilelile huzaa hadithi tofauti kila linapotegwa, ingawa jibu halibadiliki.

Maandishi yalichukua mkondo mwingine. Mwaka 1958 S. S. Farsi alichapisha mkusanyiko wa vitendawili vya Unguja, kazi iliyohifadhi hazina kubwa. Hata hivyo, umbo la mkusanyiko ni orodha: fumbo, kisha jibu. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa, na kitendawili kikaingia darasani. Vitabu vya shule aghalabu huutaja mji, lakini kama kaida ya sentensi moja tu. Mtihani hupima jibu. Hauna nafasi ya kumsafirisha mtahiniwa.

Yaweza kudaiwa kwamba hilo ni hatima ya kila sanaa ya papo kwa papo inapotiwa katika maandishi. Mfano wa mbali unalipinga dai hilo. Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambamo mwongozaji husimulia mahali na hali, nao wachezaji, kila mmoja akiwa mhusika, huamua watendalo. Mwaka 1975 Gygax aliandaa kisa cha kaburi lililojaa mitego na mafumbo kwa ajili ya mashindano katika tamasha la wachezaji la Origins, Baltimore. Kisa hicho, Tomb of Horrors, kilichapishwa mwaka 1978, na kimeendelea kuchezwa na makundi yasiyohesabika. Chapisho lake lilitenganisha maarifa: maelezo ya vyumba na mitego yalikuwa ya mwongozaji peke yake, na picha za kuonyeshwa wachezaji zilikuwa katika kijitabu chao. Hayo yalikuwa maandishi ya kutendwa, si ya kusomwa tu. Kitabu cha vitendawili, kinyume chake, humweka msomaji mahali ambapo hakuna mshiriki yeyote wa utegaji aliyepata kuwapo: anaona fumbo na jibu kwa mara moja, na hana wa kumdai mji.

Ulinganisho huu hauna maana kwamba sanaa hizi mbili zina asili moja. Unaonyesha tu kwamba kosa si la wino, bali la uamuzi kuhusu kipi kiandikwe. Mtafiti anayekusanya vitendawili Ukunda hana budi kunakili pia miji iliyotolewa, iliyokataliwa na sababu za kukataliwa kwake, pamoja na safari zilizosimuliwa. Akirudi na majibu pekee, atakuwa amekusanya sehemu ambayo wategaji wenyewe huitoa mwisho, mchezo unapokuwa umekwisha.