MAPATANO YA PHILADELPHIA: NANI ALIPATANA NA NANI?

Katika madarasa yetu ya siasa kuna swali linalorudi kila mara: je, mgawanyo wa madaraka katika Katiba ya Marekani ulikuwa ngao ya wananchi au uzio wa wenye mali? Swali hili halijibiwi kwa kaulimbiu. Hatuna budi kurudi kwenye historia.

Mwaka 1787 wajumbe 55 kutoka majimbo 12 walikutana Philadelphia. Walikuwa wanasheria, wafanyabiashara na mabwana wa mashamba makubwa. Hapakuwa na mwanamke, mtumwa wala mwenyeji wa asili wa nchi ile. Serikali yao ya muungano ilikuwa dhaifu, haikuweza hata kutoza kodi. Tena, mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, akiwamo Daniel Shays aliyepigana vita vya uhuru, walikuwa wameshika silaha kupinga madeni na kodi zilizowanyang'anya mashamba. Wenye mali walishtuka.

Mapatano makubwa yalikuwa matatu. Kwanza, majimbo makubwa yalitaka uwakilishi kwa idadi ya watu, na madogo yalitaka usawa. Wakaafikiana: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi, na Seneti iwe na wajumbe wawili kwa kila jimbo. Pili, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakupiga kura, lakini hesabu yake ilimwongezea bwana wake viti. Tatu, Bunge lisipige marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Neno lenyewe "mtumwa" halikuandikwa popote katika Katiba ile. Aibu ilifichwa, lakini unyonyaji ukabaki.

Sasa tutazame madaraka yalivyogawanywa. Bunge hutunga sheria. Rais aweza kuikataa. Bunge laweza kumshinda kwa theluthi mbili za kila baraza. Majaji huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti. James Madison aliutetea utaratibu huu kuwa kinga dhidi ya udhalimu. Lakini Madison huyo huyo aliuogopa pia wingi wa watu. Ndiyo maana ni Baraza la Wawakilishi tu lililochaguliwa na wananchi moja kwa moja. Maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo hadi mwaka 1913.

Tusiwe wachambuzi wavivu. Utaratibu huu una nguvu ya kweli: mwaka 1974 Mahakama Kuu ilimwamuru Rais Nixon atoe kanda alizozificha, naye akajiuzulu mwezi uliofuata. Lakini mwaka 1857 Mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Dred Scott, iliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Utumwa ulivunjwa kwa vita vya mwaka 1861 hadi 1865 na kwa marekebisho ya Katiba yaliyofuata.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Philadelphia tembo walipatana, na nyasi ziliumia vilevile.

Basi somo letu ni hili: vyombo vya dola vyaweza kuzuiana vyenyewe kwa vyenyewe na bado vikakubaliana kumkandamiza asiyekuwamo. Kada asomapo katiba yoyote, ikiwamo yetu, asiulize tu madaraka yamegawanywa vipi. Aulize pia: waliokaa mezani walikuwa nani, na gharama ya mapatano yao ililipwa na nani?