Mistari ya gama katika milipuko ya Jua

Mistari ya gama ni miali yenye nishati maalumu inayotolewa na viini vya atomi mlipuko unapotokea juani. Mlipuko hurusha protoni na ayoni nzito kwa kasi kubwa. Zikigonga gesi ya Jua, viini vya kaboni husisimka na kutoa mwali wa megaelektronivolti 4.44, vya oksijeni hutoa 6.13. Kwa kuwa kila elementi ina mstari wake, mtafiti hupata kujua ni nini kilichogongwa na kwa nguvu kiasi gani. Eksirei za mlipuko hazitoi habari hiyo, maana hizo huzalishwa na elektroni.

Mstari wa megaelektronivolti 2.223, ambao kwa kawaida ndio mkali kuliko yote, huja kwa kuchelewa. Nyutroni zinazong'olewa katika migongano huzama hadi kwenye uso wa Jua, hupunguza mwendo, kisha hunaswa na haidrojeni na kuigeuza haidrojeni nzito. Kazi hiyo huchukua kama sekunde 100. Mlipuko ukitokea ukingoni mwa Jua, mstari huu hufifia sana, kwa sababu mwali hulazimika kupenya gesi nene kwa mshazari.

Mistari hii iligunduliwa Agosti 1972 na kundi la Edward Chupp wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, kwa kifaa kilichokuwa ndani ya satelaiti OSO-7. Miaka 30 baadaye, satelaiti RHESSI ilipima mlipuko wa tarehe 23 Julai 2002 na kukuta gama ya 2.223 ikitoka karibu kilomita 15,000 kando ya chanzo cha eksirei. Ni ugunduzi mzito: ayoni na elektroni za mlipuko mmoja hazikutua mahali pamoja.

Hewa ya Dunia huimeza miali hii. Hata chini ya jua la utosi pale Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, kifaa cha ardhini hakiioni. Lakini anga ya juu ya ukanda huu wa ikweta ni njia njema: satelaiti inayofuata ikweta hukwepa sehemu kubwa ya protoni zilizonaswa na usumaku wa Dunia juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo huchafua vipimo. Kwa faida hiyo satelaiti SAS-2, iliyochunguza gama za mbali angani, ilirushwa tarehe 15 Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Satelaiti AGILE ya Italia (2007–2024), iliyorekodi pia milipuko ya Jua, ilizunguka kwa mwinamo wa digrii 2.5, sawa na latitudo ya Bujora, na kushusha data zake Malindi.