Ndoto za Alinacha

Mtu akitumainia makuu asiyoyafanyia kazi, Waswahili humwambia, "Unaota ndoto za Alinacha." Sisi walimu twautumia msemo huu mara nyingi, wala wengi wetu hatuijui asili yake, na kwa kutoijua twautumia vibaya.

Asili yake ni hadithi za Alfu Lela Ulela. Kinyozi wa Baghdadi alikuwa na ndugu sita, na wa tano ndiye Alinacha. Baba yao alipokufa aliacha dirhamu 700, kila mmoja akapata 100. Alinacha akanunua kwa fedha zake zote vyombo vya kioo, akavitia kapuni, akaketi kungoja wanunuzi. Akaanza kuhesabu moyoni: hizi 100 zitakuwa 200, na 200 zitakuwa 400, hata nitamwoa binti wa waziri mkuu. Akamwona bibi arusi akimnyenyekea, naye kwa kiburi akamsukuma kwa mguu. Lo! Mguu ukapiga kapu, vyombo vyote vikavunjika.

Jina lenyewe kwa Kiarabu lina sauti ya sh. Mfaransa Antoine Galland, aliyeanza kuchapisha hadithi hizo mwaka 1704, aliliandika Alnaschar. Na Mwingereza Joseph Addison akaisimulia habari hiyo katika gazeti la The Spectator mwaka 1712. Kiswahili nacho kina sh. Lau jina lingalitufikia kwa vinywa vya Waarabu, yamkini sh ingalibaki. Hiyo ch yaelekea kuonyesha ya kuwa lilipitia vitabu vya Ulaya.

Basi, kosa la Alinacha ni lipi? Si kutumaini, maana mtaji alikuwa nao, na faida ni tumaini la haki la mfanya biashara. Makosa yake ni mawili: alihesabu mali kabla ya kuuza hata chombo kimoja, na alimdharau mtu kabla ya kupata cheo. Kilichovunja vioo ni mguu wa kiburi.

Nalimsikia mwalimu mmoja akimtupia msemo huu mtoto wa mvuvi, aliyesema kwamba atakuwa tabibu. Darasa likacheka, mtoto akaketi, wala hakuinua mkono tena siku zile. Naye alikuwa akijifunza kwa bidii kila siku! Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, mlango wa 14, halaumiwi kwa kutaka mnara, bali kwa kutohesabu gharama. Nasi tumwulize mtoto kwanza amekwisha kufanya nini. Akiwa na la kujibu, huyo si Alinacha.