Ugonjwa wa Usingizi Maniema: Kutoka Njia za Misafara hadi Vidonge vya Kumeza

Malale, ambayo nchini Kongo hujulikana zaidi kama ugonjwa wa usingizi, husababishwa na kijidudu kiitwacho trypanosoma. Kijidudu hicho huingia mwilini mtu anapoumwa na mbung'o. Mkoa wa Maniema, ambao makao yake makuu ni Kindu kwenye Mto Lualaba, una kila kinachomfaa mdudu huyo: vijito vyenye kivuli, misitu inayofuata kingo za mito, na vivuko ambako watu huchota maji, hufua, huvua samaki na kungoja mitumbwi.

Aina ya kijidudu cha huko, gambiense, hufanya kazi polepole. Kwa miezi mingi, hata miaka, mgonjwa hupata homa za kuja na kuondoka, maumivu ya kichwa na viungo, mwasho, na uvimbe wa tezi nyuma ya shingo. Mara nyingi huendelea kulima na kufanya biashara bila kujua anachougua. Kijidudu kikishafika kwenye ubongo, usiku na mchana hubadilishana nafasi. Mtu husinzia mchana katikati ya mazungumzo, hupiga miayo bila kikomo, hulala akiwa na tonge mkononi. Usiku ukiingia, anakesha. Tabia yake hubadilika, maneno humpotea, mwili hukonda. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa.

Maelezo ya kale ya ugonjwa huu yameandikwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wanazuoni wake walikuwa wamekwisha kuupanga usingizi kwa ngazi. Al-Tha'alibi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1038, alizipanga ngazi hizo katika kitabu chake cha elimu ya lugha, Fiqh al-lugha. Ngazi ya kwanza ni nu'as, haja ya kulala inapomjia mtu. Baada yake huja wasan, pale uzito wa lepe unapozidi; kisha tarniq, usingizi unapochanganyika na macho; kisha kara na ghumd, hali ya mtu aliye kati ya kulala na kuwa macho. Taghfiq ni usingizi wa anayesikia bado maneno ya walio karibu naye, na ighfa ni usingizi mwepesi. Ruqad ni usingizi mrefu, hujud ni ule wa kuzama, na mwisho kabisa ni tasbikh, usingizi uliopita wote kwa uzito. Mwayo wenyewe una jina lake, tathaub, na katika mafundisho ya Kiislamu una adabu yake: Mwislamu hufundishwa kuuzuia kadiri awezavyo na kufunika kinywa kwa mkono. Katika Ayatul Kursiyyu, aya ambayo watoto wa vyuo vya Kurani huihifadhi mapema, Mungu anatajwa kuwa hashikwi na sina, yaani kusinzia, wala na naum, yaani usingizi.

Ngazi zote hizo ni za mwili wenye afya, unaoshuka usingizini na kupanda tena kwa utaratibu. Usingizi wa ugonjwa ulipata jina jingine katika vitabu vya historia. Ibn Khaldun, akiandika habari za wafalme wa Mali katika karne ya 14, alisimulia kifo cha Mansa Mari Jata kama alivyosimuliwa na kadhi aliyeishi katika nchi hizo. Sultani huyo alishikwa na illat an-naum, maradhi ya usingizi. Usingizi ulimvamia kila mara hadi ikawa shida kuamka, na baada ya miaka miwili alifariki, mwaka 775 wa Hijria, yaani 1373 au 1374. Ibn Khaldun aliongeza kwamba maradhi hayo yalikuwa ya kawaida kwa watu wa nchi zile. Miaka zaidi ya 400 baadaye, mwaka 1803, daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa amefanya kazi Sierra Leone, aliandika kuwa wafanyabiashara wa watumwa walikwepa kumnunua mtu mwenye tezi zilizovimba shingoni. Walikuwa wamejua dalili hiyo na mwisho wake.

Kiarabu na Kiswahili vilifika Lualaba kutokea upande mwingine wa bara. Katika miaka ya 1860 misafara ya pembe na watumwa kutoka Zanzibar, Tabora na Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Nyangwe ikawa mji wa soko kwenye ukingo wa Lualaba. Mpelelezi Mskoti David Livingstone alifika hapo Machi 1871, na mwezi Julai mwaka huohuo alishuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni. Kasongo ikawa makao ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, kuanzia katikati ya miaka ya 1870. Pamoja na bunduki na pembe, misafara ilileta mchele, Kiswahili kilichokuja kuitwa Kingwana, dini ya Kiislamu na vyuo vya Kurani.

Misafara hiyo ilibadilisha pia uhusiano wa watu na mbung'o. Kabla yake, watu wengi walikaa karibu na mashamba yao, na wengi hawakusafiri mbali. Biashara mpya iliwapeleka maelfu ya wapagazi, mateka na wapiga kasia katika vivuko vilevile, siku baada ya siku. Vijiji vilivyoshambuliwa viliachwa, mashamba yakarudi kuwa kichaka, na waliokimbia walijificha kandokando ya vijito. Ugonjwa wenye uwezo wa kukaa mwilini miaka bila kumwangusha mtu ulipata wabebaji wanaotembea.

Vita vya 1892 hadi 1894, vilivyovunja nguvu ya wakuu wa misafara hiyo, vilizidisha hali hiyo. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo. Utawala mpya ulidai mpira, pembe, chakula na wapagazi. Watu waliolazimishwa kwenda msituni kutafuta mpira hawakupata muda wa kulima. Njaa ilidhoofisha miili, na safari za lazima zikawapeleka penye mbung'o wengi. Katika miaka hiyohiyo Uganda ilipatwa na msiba mkubwa: kati ya 1900 na 1920 watu wapatao 250,000 walikufa kwa ugonjwa wa usingizi, hasa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria.

Ugunduzi wa chanzo chake ulipatikana kwa hatua. Huko Gambia, Joseph Everett Dutton wa Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool alikitambua kijidudu katika damu ya mgonjwa mwishoni mwa 1901, na mwaka uliofuata akakipa jina la gambiense. Aldo Castellani alikiona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Entebbe, Uganda, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kuwa anayekieneza ni mbung'o. Mwaka huohuo, kwa ombi la Leopold II, Shule ya Liverpool ilituma wataalamu Kongo. Dutton na mwenzake kutoka Kanada, John Lancelot Todd, walipanda mto kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, hadi Maporomoko ya Stanley, ambako leo ni Kisangani, kisha wakaendelea kuelekea Maniema wakipima watu njiani na kuchora ramani ya ugonjwa.

Safari ya Dutton iliishia Kasongo. Alikuwa akichunguza pia homa ya papasi, na alipokuwa kwenye kazi hiyo yeye na Todd waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alifariki tarehe 27 Februari 1905, akazikwa Kasongo. Ripoti yao ilionyesha kuwa ugonjwa ulifuata mito na njia za wapagazi. Ilipendekeza watu wapimwe kwa kupapaswa tezi za shingo, na wenye tezi zilizovimba wazuiwe kuingia katika maeneo ambayo hayajaguswa.

Serikali ilipokea sehemu kali zaidi ya ushauri huo. Vilijengwa vituo vya kuwatenga wagonjwa, na kuanzia 1910, Kongo ilipokuwa tayari koloni la Ubelgiji, ziliwekwa amri za kudhibiti safari: mtu aliyetaka kusafiri kwa kazi alitakiwa kuwa na cheti cha daktari. Kwa wanavijiji, kituo cha kutengwa kilikuwa mahali pa kufia. Waliopelekwa huko walitolewa kwa jamaa zao, mara nyingi chini ya ulinzi wa askari, na wachache walirudi. Dawa iliyokuwapo, atoxyl, ilitokana na aseniki, na iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa. Haishangazi kwamba familia nyingi ziliwaficha wagonjwa wao.

Kindu ilikua katikati ya mambo haya. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa na Édouard Empain mwaka 1902, ilijenga njia ya kuunganisha sehemu za Lualaba zinazopitika kwa meli. Reli ya kilomita 125 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani, hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ilikamilika 1906. Kutoka hapo meli zilipanda hadi Kindu, na kutoka Kindu reli nyingine, yenye urefu wa takriban kilomita 350, ilikwisha kufika Kongolo ifikapo 1911. Bandari na stesheni vilileta vibarua, mabaharia, wachuuzi na askari kutoka pande zote. Kuni za meli zilikatwa kando ya mto, yaani katika makazi yenyewe ya mbung'o. Hata hivyo, reli na meli zilipunguza upagazi wa masafa marefu, na dawa na waganga wakaweza kufika mkoani kwa urahisi zaidi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa dawa bora. Suramin ilifaa kwa hatua ya mwanzo, kabla kijidudu hakijafika ubongoni. Tryparsamide, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Rockefeller na kujaribiwa na Louise Pearce huko Léopoldville mwaka 1920 na 1921, iliweza kutibu hatua ya pili, ingawa nayo ilihatarisha macho. La pili lilikuwa timu zinazotembea. Wauguzi wa Kikongo na madaktari walikwenda kijiji kwa kijiji wakiwa na darubini, wakawapima watu wote waliohesabiwa, na kuwatibu wagonjwa hukohuko. Mwaka 1930 Kongo nzima iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 30,000. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 1,000 kwa mwaka. Matokeo hayo yalipatikana kwa kazi ngumu ya wauguzi wa Kikongo, na pia kwa shuruti: watu hawakuulizwa kama wanataka kuchomwa sindano wala kutolewa maji ya uti wa mgongo.

Baada ya uhuru wa 1960, machafuko yaliyogusa Kindu na mashariki yote yalizikata timu hizo. Zilirudi kwa kiasi fulani katika miaka ya 1970, na kipimo cha damu cha CATT, kilichobuniwa 1978, kikarahisisha kazi ya kuwatambua wenye maambukizo. Lakini mwaka 1990 Ubelgiji, mfadhili mkuu, ilisitisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Magari yalikosa mafuta, wauguzi wakakosa mishahara. Kisha vita vikaingia: Kindu ilitekwa mwaka 1997, na tena Oktoba 1998 na waasi wa RCD. Treni zilisimama, mto ukafungwa, vijiji vikakimbilia msituni kama enzi za misafara. Mwaka huo wa 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000, idadi iliyokaribia ile ya 1930, na hao ni wale tu waliofikiwa na timu zilizobaki.

Wengi wao walitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya aseniki iliyoanza kutumika 1949. Iliunguza mishipa ilipoingia mwilini na iliua mgonjwa mmoja kati ya kila 20 hivi. Kuanzia 2009 ilianza kuachwa, nafasi yake ikachukuliwa na mchanganyiko wa eflornithine na nifurtimox. Matibabu hayo yalikuwa salama zaidi, ila yalidai dripu, kitanda cha hospitali na wauguzi waliofunzwa. Kwa zahanati ya ndani ya Maniema, kusafirisha maboksi hayo kwa baiskeli au mtumbwi lilikuwa jambo zito.

Hatua iliyofuata ilitoka Kongo kwenyewe kwa sehemu kubwa. Majaribio makuu ya fexinidazole, vidonge vinavyomezwa kwa siku 10, yaliongozwa na daktari Mkongo Victor Kande, na wengi wa wagonjwa walioshiriki walikuwa Wakongo. Dawa hiyo iliidhinishwa Kongo mwishoni mwa 2018, mwaka ambao dunia nzima iliandikisha wagonjwa wasiofika 1,000, wengi wao Wakongo. Dawa nyingine, acoziborole, inayomezwa mara moja tu, ilionyesha matokeo mazuri katika majaribio yaliyochapishwa 2022. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kukomesha maambukizi ya aina ya gambiense ifikapo 2030.

Historia ya Maniema inaonyesha kuwa ugonjwa huu hufuata vita, njaa na safari za kulazimishwa, na hurudi nyuma pale tu wagonjwa wanapotafutwa mahali walipo. Umekwisha kushindwa mara moja, ukarudi kwa sababu machafuko, vita na kukatwa kwa ufadhili vilisimamisha kazi ya kuwatafuta wagonjwa. Timu za vijijini ziendelee kulipwa na kupewa vifaa hata mwaka ambao hazikumpata mgonjwa yeyote. Na mtu wa Maniema anayeona jamaa yake akisinzia mchana na kukesha usiku, hasa kama ana tezi zilizovimba shingoni, asingoje wala asimfiche: ampeleke apimwe mapema, kwa kuwa leo ugonjwa huu unatibika.