Historia Fupi ya Mchungaji wa Pictou

Mwezi Septemba 1773 meli ya Hector ilitia nanga Pictou, katika koloni la Uingereza la Nova Scotia, Kanada ya leo, ikiwa imepakia Waskoti walioacha milima ya kwao kwa tamaa ya ardhi. Walikuta msitu mnene unaoshuka hadi majini. Miaka 13 walikaa bila mchungaji wa kudumu, wakapeleka ombi Uskoti waletewe mmoja anayejua Kigaeli.

Julai 1786 akafika James MacGregor, Mpresbiteri mwenye umri wa miaka 26. Ibada ya kwanza aliiongoza ghalani kwa mlowezi mmoja, akahubiri kwa Kiingereza na kwa Kigaeli ili pasiwe na wa kuambulia patupu. Hapakuwa na barabara. Watu walifuata alama zilizochanjwa kwenye miti au walipita mtoni kwa mtumbwi, na kipupwe walifunga miguuni nyavu za kutembelea juu ya theluji.

Mwaka 1787 waumini walijenga makanisa mawili kwa magogo, nyufa wakaziziba kwa kuvumwani. Waliokuja kusali walikalia magogo. Mwaka uliofuata, Julai, MacGregor aliandaa Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, uwanjani.

Mshahara uliokubaliwa ulikuwa pauni 80 kwa mwaka, nusu taslimu na nusu mazao, tena taslimu yenyewe ilikuja kwa shida. Hata hivyo, alipoona Weusi wakimilikiwa kama watumwa hapo hapo Pictou, alitoa sehemu kubwa ya fedha zake kumkomboa mwanamke mmoja aliyeitwa Die Mingo. Mwaka 1788 alichapisha Halifax waraka mkali dhidi ya mchungaji mwenzake, Daniel Cock wa Truro, aliyekuwa na msichana mtumwa nyumbani. Waraka huo uliwaudhi wengi, naye hakurudi nyuma: alikataa kushirikiana na baraza la wachungaji wa Truro.

Kwa miaka tisa alifanya kazi peke yake, akivuka hadi Prince Edward Island kubatiza, kufungisha ndoa na kuhubiri. Wachungaji wenzake wawili walipofika mwaka 1795 ndipo akapumua. Mwaka 1817 Wapresbiteri wa Nova Scotia walipoungana katika sinodi moja, walimchagua yeye kuwa msimamizi wa kwanza. Miaka miwili baadaye tenzi zake za Kigaeli zilichapwa Glasgow, na mwaka 1822 chuo kikuu cha mji huo kilimtunuku udaktari wa theolojia.

Alifariki Machi 1830, baada ya karibu miaka 44 ya utumishi Pictou. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika baada ya kifo chake, Agosti 1834. Wahubiri waliolaani utumwa walikuwa wengi. Waliotoa mshahara wao wakamkomboa mtu ni wachache, na MacGregor yumo miongoni mwao.