Karani wa Mazinde na Kitabu cha Wakilindi

Nina miaka thelathini nikijalidi vitabu mjini Lushoto. Huletewa vitabu vya nyimbo vilivyoachia mgongo, misahafu iliyochakaa, madaftari ya shule. Siku moja mzee mmoja wa Bumbuli alifungua mfuko wa rambo mbele yangu akatoa kitabu kisicho na jalada, pembe za kurasa zimeliwa na wadudu.

"Mwanangu, hiki ni cha marehemu baba. Kishone, lakini usinikatie hata neno moja."

Kilikuwa *Habari za Wakilindi*, toleo la mwaka 1962.

Kazi ile ilikuwa ya siku moja. Nilikaa nacho wiki mbili, kwa sababu kila nilipofungua fungu la kurasa ili nilishone nilijikuta nasoma. Hadithi ya Mbegha niliipata jikoni kwa bibi yangu: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, akakua mwindaji, akahama kwao Ngulu, hata akafika milimani na kuwagawia Washambaa nyama ya nguruwe mwitu mpaka wakamfanya mtawala wao Vuga. Bibi aliisimulia kana kwamba haina mwenyewe. Sasa niliiona ina mwandishi, na mwandishi ana jina.

Jina lake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, wala hakuwa Mshambaa. Alizaliwa Unguja, akaja bara, akawa karani wa Semboja pale Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara ya biashara. Semboja alikuwa mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyeketi Vuga na kutawala Shambalai yote hadi alipofariki mwaka 1862. Baada ya hapo ukoo wa Wakilindi, yaani uzao wa Mbegha, uligawanyika. Semboja alipigana na Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, na nchi ikaungua kwa vita vya ndugu.

Hilo msomaji alishike. Aliyetuandikia habari za Wakilindi alikula chumvi ya upande mmoja wa ugomvi wao. Simwiti mwongo. Bila yeye tungepoteza majina, safari na mashauri ambayo hakuna mwingine aliyeyatia kwenye karatasi kwa wingi ule, tena kwa Kiswahili kinachotembea kama mtu anayeongea barazani. Nasema tu tumsome tukijua aliketi baraza la nani.

Njia ya kitabu chenyewe nayo inanistaajabisha. Mtunzi ni Mwislamu, lakini waliomchapia ni wamisheni wa Kianglikana, UMCA, huko Magila upande wa Muheza, kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na 1907. Na wamisheni hao, walipokuja miaka ya 1860, walikuwa wamepanda Vuga kuomba ruhusa ya kujenga. Kwa hiyo waliopewa ruhusa na Wakilindi ndio waliokuja kuchapa habari za Wakilindi.

Vuga kwenyewe Walutheri waliweka mtambo wao wa uchapaji. Vitabu vilivyotoka hapo nimevishona vingi. Navijua kwa kuvigusa tu. Lakini kitabu cha wenye Vuga kilichapwa bondeni.

Kisha J.W.T. Allen, Mwingereza aliyejishughulisha sana na maandishi ya kale ya Kiswahili, akakihariri upya, na East African Literature Bureau ikakitoa mwaka 1962. Mwaka uliofuata Serikali ya Tanganyika ikafuta utawala wa machifu. Dola ya Mbegha ilikuwa inatoka mlangoni wakati kitabu chake kinaingia dukani. Baba wa yule mzee alikinunua siku zile, na nadhani alijua ananunua kitu gani.

Uzi wa zamani ulikuwa umeoza. Nilitoboa upya kwa sindano nyembamba, nikashona fungu moja moja, nikapaka mgongo gundi ya unga wa ngano niliyoitia shabu, maana wadudu wanapenda unga. Pembe zilizoliwa nilizibandika karatasi nyembamba, pasipo kukata neno.

Mzee aliporudi macho hayakumruhusu, akaniomba nimsomee pale Mbegha anapoingia milimani. Nilisoma kurasa mbili. Akaninyooshea kiganja nisimame.

"Hapo sivyo tulivyoambiwa sisi. Babu yetu alisema vingine."

Akaeleza. Mpangilio ulikuwa tofauti, na majina ya waliompokea yalikuwa mengine, majina ya watu wasio Wakilindi. Nikakumbuka kwamba mwanahistoria Steven Feierman alizunguka milima hii miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee wa aina hii, kabla ya kutoa *The Shambaa Kingdom* mwaka 1974. Alijua kwamba karani mmoja hatoshi.

Nikamwomba mzee aniachie kitabu siku moja zaidi. Nikakiongezea mwishoni fungu la karatasi tupu, kurasa kumi na sita, nikalishona pamoja na mengine kwa uzi uleule. Alipokuja kukichukua alikuwa na mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto aliketi kwenye kigoda changu, akafungua kalamu, na babu yake akaanza kumtajia majina, moja moja, akingoja kila jina liandikwe.